Jinsi shule yetu ya Bofa ilivyomtembeza afisa wa uhamiaji hadi kwa mwalimu mzungu asiye na kibali

Wakuu, habari za humu ndani. Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo, marahaba zenu ziko njiani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Kazi yangu humu ni kupita, kucheka na nyuzi za watu, na kuondoka bila kuaga. Lakini juzi mdau mmoja aliuliza kama ni kweli kuna shule za pwani zinaajiri wazungu kufundisha Kiingereza bila kibali cha kazi. Mkamjibu kwa matusi, kwamba anaonea watu wivu.

Basi leo nimetoka mafichoni. Nilikuwemo, niliona, na nilihojiwa.

Nawaambia mapema: chumvi siongezi. Chumvi iko Gongoni kwenye mashamba yake na iachwe huko huko. Nimebadilisha majina tu, na la shule silitaji hata mnichinje.

Mimi niiteni Kadzo. Mzaliwa wa Kaloleni, kule juu kwenye minazi. Nimesomea chuo kikuu ualimu wa Kiingereza na fasihi, tume ya walimu imenisajili, na nafundisha shule ya kibinafsi hapa Kilifi, mtaa wa Bofa, katikati ya mahoteli ya ufukweni.

Darasa langu nililipokea likiwa Gredi ya Nne. Watoto walikuwa ukiwaambia "good morning" wanaangalia dirishani kama umemwita mtu mwingine. Nikaenda nao pole pole, kwa hadithi, kwa nyimbo, kwa kuwakemea na kuwabembeleza, mpaka wakafika Gredi ya Sita, mwaka wa mtihani wa taifa.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, wakuu. Niwafikishe mwenyewe kwenye ule mtihani, na ijulikane kwamba mwalimu wao ni mimi. Basi. Sikuomba gari.

Sasa njooni kwa Bosi.

Bosi ndiye mwenye shule. Suti ya kaunda, simu mbili, na tabasamu la kuuzia kiwanja. Si mtu mbaya, wallahi si mtu mbaya. Ukifiwa anakuja matangani na anakaa mpaka mwisho. Tatizo lake ni moja tu: anaamini mzazi hanunui elimu, mzazi ananunua kitu cha kusimulia majirani.

Tulipokuwa Gredi ya Tano, Bosi akaenda Malindi kutafuta friji kuukuu ya jikoni. Malindi mnaijua wenyewe. Wataliano wamekaa pale mpaka vijana wa ufukweni wanagombana kwa Kitaliano.

Kwenye ile karakana akamkuta Renzo.

Renzo ni fundi wa mafriji. Mtu wa makamo, mwembamba, ndevu za mvi, na Kiswahili chake cha Malindi ni kitamu kuliko cha baadhi yenu humu. Hoteli aliyoifanyia kazi miaka mingi ilifungwa, na kibali chake cha ufundi kikaisha pamoja nayo. Kwao hakutaka kurudi. Ameshakaa huku mpaka wali usio na nazi haumpiti kooni.

Bosi akamtazama yule mtu ameinama nyuma ya friji na spana mkononi.

Mimi na wewe tungeona fundi. Bosi akaona mwalimu wa Kiingereza.

Renzo mwenyewe alinisimulia baadaye. Alimwambia, "Bosi, mimi Mtaliano. Kiingereza changu kibovu kabisa." Bosi akamjibu, "Wazazi nao chao kibovu. Mtaelewana." Akamwahidi kibali, chumba, na ujira wa kumtosha. Mtu aliyekuwa analala akiwaza atafukuzwa nchini lini, unategemea akatae?

Jumatatu akaletwa gwaride la asubuhi kama kombe la mpira. Nikaitwa pembeni.

"Kadzo, huyu ndiye mwalimu mpya wa Kiingereza wa darasa lako. Wewe utamsaidia."

"Nimsaidie kufanya nini, Bosi?"

"Kufundisha."

Haki ya Mungu ndivyo alivyojibu, tena kwa uso mkavu.

Kwa wale wasiojua mambo ya vibali, naeleza kidogo. Mgeni hafanyi kazi Kenya kwa viza ya kutalii. Mwajiri ndiye anayemwombea kibali, na lazima aeleze kwa nini kazi hiyo amekosa Mkenya wa kuifanya. Halafu anatakiwa ataje Mkenya mmoja atakayejifunza kazi kwa yule mgeni, ili siku mgeni akiondoka, Mkenya aishike. Kwa Kiswahili mtu huyo ni mwanagenzi.

Hebu nipeni jina la mwanagenzi wa Renzo.

Naam. Mmepata wote. Kaeni chini.

Yaani mimi, niliyesomea Kiingereza mpaka nikavaa joho na mama yangu akashuka kutoka Kaloleni na kuku wa kuchinja, nimeandikwa kwamba najifunza kufundisha Kiingereza kwa fundi friji wa Kitaliano. Nilimwambia Bosi hilo ni tusi. Akasema, "Ni karatasi tu, Kadzo. Ukikataa, darasa nitampa mtu mwingine kabisa, na wewe nikupeleke chekechea."

Nikakubali. Najua humu kuna mashujaa wanaoandika "mimi ningeacha kazi siku hiyo hiyo". Mnakuwa wengi sana mkiwa nyuma ya simu. Mimi nilikuwa na watoto thelathini na kitu wanaonitazama machoni, na sikuwa tayari kumwachia mtu darasa langu.

Basi tukaishi hivyo. Mimi nafundisha, Renzo anakaa kiti cha nyuma kabisa anatengeneza redio ya shule. Na nikuambieni kitu? Yule mzee alikuwa anasikiliza. Baada ya wiki kadhaa akaanza kunyoosha mkono. Nauliza swali, mikono ya watoto juu, na mkono mmoja mrefu wenye mvi nao juu. Watoto wanacheka mpaka wanalala mezani. Nikianza kusahihisha madaftari, na lake limo.

Kwa hiyo mwanagenzi alikuwepo kweli. Karatasi ya Bosi ilidanganya tu kuhusu ni yupi.

Sasa hapa ndipo utaratibu wa shule yetu unapoingia, na bila kuuelewa huu hamtaelewa kilichotukuta.

Langoni yuko Mzee Charo, bawabu wetu, Mgiriama wa Ganze. Bosi alimpa kengele na sheria mbili.

Akija mzazi mpya kutazama shule, kengele mara mbili. Hapo mimi nakwenda kusimama pembeni na chati kama msaidizi, Renzo anaruka mbele anashika chaki, na watoto wanasimama wanaimba kibwagizo alichokitunga Bosi mwenyewe: "Welcome, visitor! Our English teacher is Mister Renzo, from Europe!"

Akija mtu wa serikali, kengele mara tatu. Hapo Renzo anakimbilia stoo ya jikoni na kuanza kutengeneza friji. Ukifikiria, hapo tu ndipo alipokuwa anafanya kazi yake hasa.

Kengele mbili zililia kila wiki, na wazazi walichanganyikiwa kwa furaha. Mama mmoja alimshika Bosi mikono yote miwili akamwambia, "Mwanangu sasa anasema Kiingereza mpaka mimi simwelewi!" Bosi akamwambia hayo ndiyo matunda. Mtoto mwenyewe alikuwa anarusha mikono hewani kama muuza piza wa Malindi.

Kengele tatu hazikulia ila mara chache sana. Mara moja ilikuwa ni naibu chifu, na alikuja kuomba maji ya kisima.

Siku moja nilimuuliza Mzee Charo, "Baba, wewe unawatambuaje watu wa serikali kabla hawajasema?"

Akanicheka. "Mwalimu, mbona rahisi. Kwa salamu. Mtu wa serikali hamwamkii bawabu. Yeye husema 'fungua'. Mzazi ana haja na mtoto wake, huyo ataamkia."

Nikaona mzee ana hoja. Niambieni nyinyi, mlishaamkiwa shikamoo na serikali lini?

Haya. Ikaja Jumatatu hiyo.

Nipo katikati ya somo, Renzo kwenye kiti chake, nasikia gari dogo limesimama langoni. Mlango wa darasa letu unatazama lango, kwa hiyo niliona mwanzo mpaka mwisho. Dereva ni kijana wa shati la kitenge. Kando yake mama wa buibui, mtu mzima, uso wa upole. Akateremsha kioo.

"Shikamoo, baba."

Mzee Charo akavua kofia. "Marahaba, mwanangu, marahaba!"

"Habari za hapa? Nyumbani hawajambo? Mvua mmepata huko juu?"

Wakuu, alimuuliza mpaka habari za mvua. Alimuuliza kama mahindi yameshika. Mzee wa watu aliyeyuka. Hakumbuki mara ya mwisho mwenye gari kumuuliza habari za mahindi. Akafungua lango lote, mabawa mawili, akakimbilia kengele.

Ngee! Ngee!

Mbili.

Bosi akatoka ofisini anafunga vifungo. Nami nikashika chati yangu, Renzo akashika chaki yake, kila mtu mahali pake pa maigizo.

Kutoka pale ofisini kuja darasani kuna veranda, na sauti ya Bosi haina siri. Kwanza nikamsikia anawakaribisha chai, mahamri na mbaazi. Yule mama akasema ahsante, leo ni Jumatatu, amefunga. Kijana wa kitenge yeye hakufunga. Alikula kama ametumwa.

"Mtoto atakuwa gredi ya ngapi, Bi?"

"Kwanza tumekuja kuona. Tumesikia mna mwalimu mzungu."

"Mmesikia?" Bosi akachanua. "Si kusikia, mtamwona kwa macho! Mzungu halisi, si wa kupakwa. Tunaye tangu mwaka jana."

"Mashallah. Na anafundisha kila siku, au huja mara moja moja kama mgeni?"

"Kila siku! Mgeni gani? Huyu ni mwajiriwa kamili, asubuhi mpaka jioni. Namlipa mimi mwenyewe."

"Na vibali vyake vyote viko sawa?"

"Bi, hapa hatufanyi mambo nusu nusu."

Nikamwangalia Renzo. Renzo akaniangalia. Mzazi gani duniani anauliza vibali? Mzazi huuliza basi la shule linapita wapi.

Renzo akaninong'oneza, "Kadzo, huyu mama si mama." Jasho lilikuwa linamtoka mpaka chaki imelowa.

Lakini kabla sijafungua mdomo, wakawa wameshaingia mlangoni. Na watoto wangu, Mungu awabariki, watoto waliofunzwa wakafunzika, wakasimama kwa pamoja wakapaza sauti mpaka mahotelini:

"Welcome, visitor! Our English teacher is Mister Renzo, from Europe!"

Yule mama akatabasamu. Akawapigia makofi. Akafungua mkoba wake taratibu, akatoa kitambulisho, akakiweka mbele ya macho ya Bosi.

"Naitwa Bi Rukia, afisa wa uhamiaji. Ahsanteni kwa mapokezi. Sijapata kukaribishwa hivi tangu niajiriwe."

Bosi, badala ya kunyamaza, akageukia dirisha akapiga kelele, "Charo! Tatu! Piga tatu!"

Na Mzee Charo, mtu mtiifu, akapiga tatu.

Nilitaka kucheka nikashindwa, maana Renzo alikuwa ameketi. Alikwenda akaketi kwenye kiti chake cha nyuma, chaki bado mkononi, akatazama meza. Watoto wakaanza kuelewa kwamba kibwagizo chao kimemletea mtu balaa. Mmoja, Mapenzi, akaanza kulia. Hapo hasira zikanipanda, na hazikuwa za afisa.

Tukachukuliwa watatu kwenda Malindi ofisini, Bosi, Renzo na mimi mwanagenzi.

Sasa sikilizeni hili. Tuko koridoni tunasubiri kuitwa, Bosi akanivuta kando. 

"Kadzo, mwanangu, tuokoe. Sema wewe ndiye mwalimu wa Kiingereza. Renzo ni mgeni wangu tu, hupita kusalimia watoto. Sema hivyo na nitaapa hivyo mbele ya yeyote. Mwalimu ni wewe!"

Wakuu, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kwenye ofisi ya serikali, mpaka mlinzi akageuka.

Zaidi ya mwaka nimesimama na chati ukutani. Zaidi ya mwaka nimengoja mtu mmoja tu aseme hadharani kwamba mwalimu ni Kadzo. Na siku aliposema, alisema ili adanganye. Iliniuma kuliko siku aliyoniandika mwanagenzi.

Akaona nimekunja uso, akanibana penyewe. "Ukisema vingine watafunga shule. Na wale watoto wako, mtihani watafanyia wapi? Umewaza hilo?"

Hilo ndilo lililonikata maini. Alikuwa anajua nalipenda darasa langu, na alikuwa ameliweka shingoni kwangu kama kisu. Na pembeni amekaa Renzo, anatafuna kucha, mtu asiyenikosea kitu. Nikificha nusu ya kweli, Renzo anapona. Nikisema yote anarudishwa kwao.

Tukaitwa.

Bi Rukia alikuwa na faili mbele yake. Akaniuliza kwa upole ule ule aliomwamkia nao Mzee Charo.

"Mwalimu wa Kiingereza wa Gredi ya Sita ni nani?"

"Ni mimi."

Bosi akashusha pumzi mpaka karatasi zikapepea.

"Na huyu bwana?"

Nikamtazama Renzo. Akanitikisia kichwa kidogo, kama kuniambia sema tu. Basi nikasema.

"Huyu ni wa kuonyesha wageni, Bi. Wakija, yeye anashika chaki na mimi nashika chati. Wakiondoka, mimi nafundisha na yeye anasikiliza."

"Na mwanagenzi aliyetajwa kwenye ombi hili?"

"Mimi pia."

Akavua miwani. "Kwa hiyo wewe unajifunza kazi yako kwa mtu anayejifunza kwako?"

"Ndiyo, Bi. Na anaendelea vizuri."

Yule kijana wa kitenge akatoka nje. Tulimsikia akicheka huko koridoni.

Bosi akajaribu. Akasema kama Renzo hafundishi, basi hafanyi kazi, na kama hafanyi kazi, kibali cha nini? Nikasema moyoni huyu mtu angekuwa wakili. Bi Rukia akamuuliza Renzo kama analipwa. Renzo akajibu mwenyewe, kwa kile Kiswahili chake safi, "Nalipwa, Bi, na chumba nimepewa. Sitaki kudanganya. Mimi nilitaka kutengeneza mafriji. Bosi akasema mafriji hayaleti wazazi."

Akaongeza, "Lakini aliniambia ombi langu la kibali liko kwenye system, bado kidogo."

Bi Rukia akageuza ile kompyuta wote tuione. Ombi lilianzwa tangu mwaka jana, likaachwa njiani. Halikupata kukamilishwa wala kutumwa.

Renzo akamgeukia Bosi. "Bosi. Wewe uliniambia liko kwenye system."

Bosi akasema, "Na si hilo liko kwenye system? Halijatoka tu."

Sikuwahi kumwona Renzo amekasirika. Siku ile hakukasirika pia. Alisema "ahaa" moja fupi, akainama. Afadhali angepiga meza.

Nikauliza lile nililotishiwa nalo koridoni. "Bi, shule itafungwa?"

"Sisi hatufungi shule, mwalimu. Sisi tunauliza mgeni ana kibali au hana. Watoto wana mwalimu wao aliyesajiliwa, si ndiye wewe?"

Jamani. "Si ndiye wewe." Kaniambia mtu niliyekutana naye asubuhi hiyo. Nililia pale pale, na sioni aibu kuwaandikia hilo.

Mahakamani Bosi na Renzo walikiri. Wakapigwa faini wote wawili, Bosi kubwa zaidi, na Renzo akaamriwa aondoke nchini. Kuna mdau hapo chini najua ataandika "sheria ni sheria". Ndiyo mkuu, ni sheria, na mimi nilisema kweli na ningesema tena. Lakini wazazi waliomtaka mzungu, aliyewauzia mzungu, na sisi tuliomshikia chati mzungu, wote tulirudi makwetu. Aliyepandishwa ndege ni fundi friji.

Kabla ya kuondoka aliruhusiwa kuja kuchukua vifaa vyake. Akapita darasani. Hapakuwa na kengele ya aina yoyote. Akasimama mlangoni akainua mkono, akasema, "Teacher, may I come in?"

Nikamwambia ingia.

Wiki ile nilikuwa nawafundisha sentensi za masharti, zile za mambo ambayo yangekuwa lakini hayakuwa. Zinawatoa jasho hata watu wa chuo. Renzo akawatazama watoto, akafikiri kwanza kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, akasema taratibu:

"If I had had a permit, I would have stayed."

Hakukosea hata neno.

Watoto wakampigia makofi. Mimi nikageukia ubaoni nikajifanya nafuta, na ubao ulikuwa hauna kitu.

Bosi alirudi shuleni kimya. Jambo la kwanza alitaka kumfukuza Mzee Charo. Nikamuuliza, utamfukuza kwa kosa gani, kwa kuitikia salamu? Akaliacha. Baada ya wiki akaniita akaniuliza kama simjui Mkenya yeyote aliyewahi kuishi Uingereza, hata kama ni kwa muda mfupi, hata kama ni mpishi. Nikamwambia wa Uingereza simjui, namjua mmoja tu wa Kaloleni. Hakuuliza tena.

Wazazi wengine walihamisha watoto, kwenda shule inayosemekana ina mzungu wa kike. Waliobaki wakabaki.

Sasa, mwezi uliopita. Mzee Charo mkono umezoea. Akaja mama mmoja na mtoto mdogo kutazama shule, mzee akapiga mbili. Hakuna aliyekuwa amefuta ule utaratibu. Watoto wangu wakasimama kwa mazoea, wakaanza, "Welcome, visitor! Our English teacher is..."

Wakakwama. Kibwagizo hakikuwa na jina.

 Mimi niko pembeni, kumbe miguu yangu nayo imezoea, imenipeleka yenyewe mpaka kwenye chati.

Kisha Mapenzi, yule aliyelia, akapaza sauti peke yake, kwa mahadhi yale yale: "...Mwalimu Kadzo, from Kaloleni!"

Na darasa lote likarudia, mpaka bati likatetema.

Yule mama akatazama kulia, akatazama kushoto, akachungulia mpaka nyuma ya kabati. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaloleni hii hii?"

"Hii hii, mama."

Akafikiri. Niliona kabisa anafikiri majirani atawasimulia nini. Mwisho akamsukuma mwanawe mbele kidogo. "Haya, mwamkie mwalimu."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Nikainua macho, nikamwona Mzee Charo langoni amekunja uso, anamkagua yule mtoto toka kichwani mpaka miguuni. Shikamoo haziamini tena.

Funzo nililopata, wakuu? Mwajiri akikwambia "ni karatasi tu", jua karatasi hiyo ina siku yake. Mgeni wangu unayesoma hapa, usifanye kazi kwa ahadi ya kibali kilicho "kwenye system", kitake ukione kwa macho yako. Na nyinyi wazazi, muulizeni mwalimu wa mtoto wenu amesomea nini kabla hamjauliza ametoka wapi.

Renzo anaandika. Amepata watu wa Ngomeni, huku huku pwani yetu, wenye chumba cha barafu cha samaki, nao wamemwombea kibali cha ufundi. Anasema ombi liko kwenye system. Nimemuuliza Bi Rukia, na safari hii liko kweli.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kisa cha mwalimu wa maonyesho akilete, mwenye kunitukana anitukane kwa Kiswahili sanifu tafadhali. Nikichelewa kujibu, niko na Gredi ya Sita, mtihani umekaribia. Kile kiti cha nyuma bado sijakiondoa.